Kalamu ya ncha nyembamba kwa kishikwambi: namna ya kuichagua, kuijaribu na kuitunza

Ukitaka kuandika kwa mkono kwenye kishikwambi, anza na kioo, ncha ya kalamu itafuata. Kalamu mbili zinaweza kuwa na ncha ileile ya milimita 1.5, zimepangwa kwenye kabati moja dukani. Moja itakuandikia herufi safi huku kiganja kimelala juu ya kioo, nyingine itachora michirizi kila mkono unapogusa. Ncha zao ni sawa. Kinachozitenganisha ni kile ambacho kishikwambi chenyewe kimetengenezwa kukisikia, na hilo halibadiliki hata ukinunua kalamu ya bei mara kumi.

Haya yote yanamhusu mtu anayeandika sana: mwanafunzi anayechukua noti za mihadhara, mwalimu anayesahihisha kazi juu ya PDF, mtu wa hesabu mwenye vipeo na vipeuo vidogo vidogo, au anayeandika kwa herufi za Kiarabu, ambako nukta moja ikipotea ب haisomeki tena. Kwa kusaini fomu mara moja kwa wiki, kidole kinatosha.

Kioo kinavyoisikia kalamu

Ndani ya kioo cha kawaida kuna nyaya nyembamba mno, zisizoonekana, zilizopishana kama nyuzi za wavu. Kutoka waya mmoja hadi mwingine ni kama milimita 4 au 5. Kidole kikigusa kinapunguza umeme unaopita kati ya nyaya hizo, na kishikwambi kinapiga hesabu kujua kidole kiko wapi. Hesabu inatoka sawa kwa sababu kidole kinafunika eneo la kutosha kugusa nyaya kadhaa kwa pamoja. Ncha ya kalamu ya wino haifuniki chochote, kwa hiyo kioo hakiioni.

Kutokana na hilo zimezaliwa aina nne za kalamu zinazouzwa.

Ya kwanza ina ncha ya mpira au ya nyuzi, nene kama milimita 6 hadi 8. Inajifanya kidole, haina betri, bei yake ni ndogo kuliko zote. Kwa noti iache, maana ncha inaifunika herufi unayoiandika.

Ya pili ina ncha nyembamba iliyosimama juu ya kisahani cha plastiki kinachoonyesha chini yake. Kisahani ndicho kinachoigiza kidole; ncha ni ya macho yako. Nayo haina betri. Inaandika vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila kisahani kinagonga kioo tik-tik kila unapoanza herufi mpya, kinaokota vumbi, na ukiilaza kalamu sana kinanyanyuka upande mmoja na mstari unakatika.

Ya tatu ni ile ambayo wauzaji huiita kalamu ya kila kioo: ncha ya milimita 1.5 hadi 2, betri ndani, kitufe cha kuwashia. Inatoa mawimbi madogo ya umeme ili ncha nyembamba ionekane. Lakini kishikwambi bado kinaamini kimeguswa na kidole. Hakijui kuwa kuna kalamu, kwa hiyo hakiwezi kuitenganisha na kiganja chako.

Ya nne imetengenezwa kwa ajili ya kishikwambi husika, na kishikwambi kimetengenezwa kwa ajili yake. Vile vya Samsung vinavyotumia S Pen vina ubao wa pili nyuma ya kioo, wa teknolojia ya Wacom. Ubao unatoa uga wa sumaku, koili ndogo ndani ya kalamu inauitikia, na ndiyo sababu S Pen inaandika bila chaji hata chembe. Kwa iPad, kioo kilekile cha mguso kinajua kutofautisha mawimbi ya Apple Pencil na kidole. Njia ni mbili, matokeo ni mamoja: kalamu inatambuliwa kama kalamu, na kiganja kinapuuzwa.

Kama kishikwambi chako kinakubali aina ya nne, nunua aina ya nne hata kama ni ya kampuni nyingine na ya bei nafuu. Kama hakikubali, chagua kati ya ya pili na ya tatu ukijua utakachokosa.

Hatua ya kwanza: jua ulichonacho

Fungua mipangilio, nenda kwenye maelezo ya kifaa, nakili jina kamili na namba ya modeli. Jina la juujuu halitoshi. "Samsung ya inchi 10" inaweza kuwa Galaxy Tab S6 Lite, ambayo inakuja na S Pen ndani ya boksi, au Galaxy Tab A8, ambayo haina ubao wa kalamu kabisa. Ukiziweka pamoja mezani si rahisi kuzitofautisha, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea: mtu ananunua S Pen, anaigusisha kwenye Tab A7, A8 au A9, kimya. Kalamu ni nzima. Kishikwambi hakina cha kuisikia, na hakuna programu ya kuongeza ubao usiokuwepo.

Kwa iPad mambo yana mpangilio, ila mpangilio wenyewe una mitego. Apple Pencil ya kwanza, ile ya 2015 yenye kifuniko na plagi ya Lightning, inafanya kazi na iPad ya kawaida kuanzia kizazi cha 6 cha mwaka 2018 hadi cha 9. Kizazi cha 10 kinaikubali pia, lakini lazima uwe na adapta ya USB-C, na bila adapta hiyo huwezi kuiunganisha wala kuichaji. Inaingia vilevile kwenye iPad Air ya kizazi cha 3, iPad mini ya kizazi cha 5, na iPad Pro za kabla ya mwaka 2018 mwishoni. Apple Pencil ya pili, inayonata ubavuni kwa sumaku na kuchaji hapohapo, ni ya iPad Pro za 2018 hadi 2022, iPad Air za kizazi cha 4 na 5, na iPad mini ya 6. Apple Pencil Pro ya 2024 ni ya iPad Pro ya chipu ya M4, iPad Air ya M2, iPad mini ya A17 Pro, na zilizofuata katika safu hizo.

Mtego wenyewe ni huu: Pencil ya pili haifanyi kazi kwenye iPad Pro ya M4 wala iPad Air ya M2, hata kama inaweza kunata ubavuni. Kunata ni kazi ya sumaku tu, hakuonyeshi kwamba zinaelewana. Ukiuza iPad ya zamani na kununua mpya, usihesabu kwamba kalamu itahama nawe.

Apple Pencil ya USB-C, iliyotoka 2023 kwa dola 79, inafanya kazi na iPad zote zenye tundu la USB-C. Haipimi mkandamizo wa mkono. Kwa mchoraji hilo ni pengo kubwa. Kwa noti si lolote, na wengi wanaoandika huzima unene unaobadilika kwa hiari yao ili mwandiko usomeke sawasawa.

Kuna pia kalamu za kampuni nyingine zinazotumia mfumo huohuo wa iPad, kama Logitech Crayon na nyingi za bei ndogo zaidi. Zinataka iPad iliyotoka 2018 au baadaye. Zinapuuza kiganja, nyingi zinaongeza unene ukilaza ncha, hazipimi mkandamizo. Kwa mwanafunzi mwenye iPad ya kizazi cha 9 au 10, hili ndilo chaguo lenye thamani zaidi kwa pesa, na hakuna haja ya kuona haya kwamba kalamu haina nembo. Soma tu boksi kwa makini. Likisema inafaa iPad pekee na kutaja vizazi, hiyo ni aina ya nne. Likisema inafaa iPad, Android na simu zote, hiyo kwa kawaida ni aina ya tatu, hata kama sura zao zinafanana.

Vishikwambi vya Windows hutumia mfumo wa Microsoft au ule wa Wacom, na baadhi ya kalamu zinabeba yote miwili. Kromubuku (Chromebook, kompyuta za mfumo wa Google) nyingi zenye kalamu hutumia mfumo wa USI, ambao kampuni kadhaa zimekubaliana, kwa hiyo kalamu ya kampuni moja inaweza kuandika kwenye kifaa cha nyingine. Huawei, Xiaomi na Lenovo kila mmoja ana kalamu zake kwa modeli zake. Tafuta jina la modeli yako kwenye orodha iliyo nyuma ya boksi, na lisipokuwepo liache boksi hapo.

Kishikwambi ulichopewa kazini kichunguze vilevile kabla ya kununua chochote. Walimu wengi Tanzania wana vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, na swali la kwanza kwa kifaa kama hicho ni kama kioo chake kinatambua kalamu.

Hatua ya pili: jaribu kabla ya kulipa

Nenda dukani na kishikwambi chako mwenyewe, kikiwa na protekta utakayoendelea kuitumia. Cha muuzaji hakikusaidii. Fungua programu ya noti, weka wino mweusi, unene mdogo kabisa, ukurasa wenye mistari.

Jaribio la kwanza ni la rula. Iweke mshazari kwenye kioo, kutoka kona ya chini hadi ya juu, na chora mstari polepole, sekunde 5 au 6 kwa mstari mmoja. Toa rula, tazama. Kalamu nzuri inaacha mstari ulionyooka. Aina ya tatu mara nyingi inaacha mawimbi madogo, kama ukingo wa kisu cha mkate, na mawimbi hayo yanajirudia kwa umbali uleule. Chanzo ni ule wavu wa nyaya: ncha ikiwa katikati ya waya na waya, mawimbi yake ni dhaifu na hesabu ya kishikwambi inayumba. Ukichora haraka kasoro inajificha, ndiyo maana muuzaji atakuchorea haraka. Mwandiko wa noti ni wa polepole na mdogo, kwa hiyo kasoro utaiona kila siku.

La pili ni nukta. Andika "jiji" mara kumi kwa mwendo wako wa kawaida, au ش na ث ukiandika Kiarabu. Hesabu nukta zilizotokea. Nukta ni mguso mfupi mno. Kalamu inayotaka kukandamizwa kabla ya kuamka itazila, na ile yenye mguso mzito itazigeuza mikia. Ikipotea zaidi ya moja kati ya ishirini, mwandiko utakuchosha.

Kisha laza kiganja kizima juu ya kioo kama unavyoandika kwenye daftari na andika mistari mitatu. Angalia pembeni ya kiganja kama kuna vijimstari, kama ukurasa unateleza, au kama unakua na kupungua wenyewe. Hapa aina ya tatu inaanguka karibu kila mara, na ni heri ianguke dukani.

Kwa Samsung na Windows kuna kipimo cha haraka zaidi: shika kalamu kama sentimita 1 juu ya kioo bila kugusa. Kama kialama kidogo kinatokea na kuifuata ncha, kalamu imetambuliwa. Kisipotokea, uliyoshika ni ya kuigiza kidole.

Kwenye Android unaweza kwenda ndani zaidi. Katika maelezo ya programu za kifaa, gusa namba ya toleo mara 7, na chaguo za wasanidi programu zitafunguka. Humo washa kipengele kinachoonyesha mahali pa mguso. Juu ya kioo utaona namba zinazobadilika, moja ikiandikwa Prs. Chora kwa mkono mwepesi, kisha ongeza nguvu taratibu. Namba ikipanda hatua kwa hatua pamoja na mkono wako, mkandamizo unapimwa kweli. Ikikaa palepale, au ikirukaruka bila kujali nguvu, usilipie kalamu hiyo bei ya kalamu yenye mkandamizo.

Malizia kwa kuandika kwenye pembe nne za kioo. Baadhi ya vioo hupotoka milimita moja au mbili karibu na ukingo, na wanaoandika tarehe juu kabisa ya ukurasa huudhika nalo haraka.

Unene wa ncha, na pengo chini ya kioo

Ncha ya S Pen ni kama milimita 0.7, ya nyingine nyingi ni 1 hadi 1.5. Tofauti hiyo haiongezi wembamba wa wino. Unene wa wino unauweka wewe kwenye programu, na milimita 0.3 hadi 0.5 inafaa kwa noti. Faida ya ncha nyembamba ni kwamba unaona pale wino unapotokea.

Hata hivyo ncha inaweza kuwa nyembamba na wino bado ukaonekana kutokea kando yake. Kwenye vifaa vya bei ya chini kuna nafasi ya hewa kati ya kioo cha juu na picha iliyo chini. iPad ya kizazi cha 9 na cha 10 ziko hivyo. Ukitazama kwa mshazari, wino unaonekana umekaa ndani kidogo, kama jiwe chini ya maji. Dawa yake ni kukuza ukurasa hadi asilimia 150 au 200 unapoandika, kisha kuurudisha. Programu kama GoodNotes zina dirisha la kukuza linalosogea lenyewe ukifika mwisho wa mstari. Ukishazoea, mwandiko unakuwa mdogo na safi kuliko wa karatasi.

Kama kioo chako hakitambui kalamu

Bado unaweza kuandika noti nzuri. Kwa sentensi chache hapa na pale, chukua ya kisahani: haina chaji ya kuisha, na mstari wake mara nyingi umenyooka kuliko wa kalamu ya betri. Shika sehemu ya chuma, maana umeme unapita mwilini mwako. Ukishika juu ya plastiki au ukiwa na glovu, haitaandika. Kwa kuandika kwa muda mrefu chukua ya betri, lakini ipitishe kwanza kwenye jaribio la rula.

Kiganja utakishughulikia mwenyewe. Tafuta programu yenye ulinzi wa kiganja wa ndani, au washa dirisha la kukuza na uweke mkono nje ya eneo lake. Glovu ya wachoraji ya vidole viwili inasaidia ikiwa ni ile yenye tabaka nene ubavuni; nyembamba za kawaida zinapitisha mguso. Na usiwashe ile chaguo ya "andika kwa kalamu pekee", kwani kwa kishikwambi chako kalamu ni kidole, na utakuwa umeifunga hiyohiyo unayoandikia.

Protekta, mchanga na ncha zinazokwisha

Kioo kitupu kinateleza. Wanaoandika saa nyingi hupenda protekta ya plastiki isiyong'aa, yenye mguso wa karatasi. Mkono unatulia, herufi zinanyooka. Gharama yake ni mbili: picha inafifia kidogo, na ncha inalika haraka. Ukiandika kila siku juu ya protekta ya namna hiyo, nunua ncha za akiba siku ileile unayonunua kalamu, na kama kalamu hiyo ncha zake haziuzwi popote, ihesabu kuwa ni ya muda.

Ncha iliyokwisha inajulikana kwa kidole. Ipitishe ukucha taratibu: ikiwa na ubapa upande mmoja au kingo inayokwaruza, ibadilishe. Ukiona chuma kinang'aa katikati ya plastiki, acha kuandika saa hiyohiyo. Ncha ya Apple Pencil inafunguliwa kwa kuizungusha kinyume cha saa na mpya inakazwa kwa vidole tu. Iliyolegea inafanya kalamu iandike kwa kusitasita na watu wakadhani imekufa. Ya S Pen inavutwa kwa kibano kidogo, mpya inasukumwa hadi ikwame.

Plastiki ya ncha haikwaruzi kioo. Mchanga ndio unaokwaruza. Punje ya mchanga ni ngumu kuliko kioo, na ikinaswa chini ya ncha au chini ya kisahani unaiburuza ukurasa mzima. Pwani, na popote penye vumbi, futa kioo kwa kitambaa laini kabla ya kila kikao, ukitangulia kukipuliza, na pitisha kitambaa hichohicho kwenye ncha.

Ikianza kusumbua

Mistari ikianza kuruka ghafla, chomoa chaja kwanza. Chaja duni zinaingiza kelele za umeme kwenye kioo, na kalamu zinazotegemea mawimbi madogo ndizo zinazoathirika mapema. Ikitulia baada ya kuchomoa, badilisha chaja au andika bila kuchaji.

S Pen ikipotoka sehemu moja tu ya kioo, vua kava. Sumaku ya kava au ya kishikilia kalamu inaweza kuuvuruga uga wa ubao ulio nyuma, na wino unahama milimita kadhaa mahali hapohapo kila mara.

Jasho la kiganja linakifanya kishikwambi kione miguso mingi kwa wakati mmoja. Kausha mkono, kausha kioo, endelea.

Apple Pencil isipoitikia, ichaji dakika chache kabla ya kuihukumu. Ya kwanza ichomeke kwenye iPad, ya USB-C iunganishe kwa kebo, ya pili na ya Pro zinate ubavuni. Kama imewahi kuunganishwa na iPad nyingine iliyo karibu, ifute kwenye orodha ya Bluetooth kisha iunganishe upya. Betri ya kalamu ni ndogo sana, na ikiachwa tupu droo kwa miezi inaweza isikubali chaji tena. Ukinunua iliyotumika, usiridhike na mwonekano: iunganishe na iPad yako hapohapo, subiri asilimia ya chaji itokee kwenye kioo, andika dakika 10, kisha tazama asilimia tena. Na kalamu yoyote inayouzwa kama Apple Pencil huku ina kitufe cha kuwashia kichwani, ni ya kampuni nyingine. Inaweza kuandika vizuri tu, ila ilipie bei yake halisi.

Kalamu ya aina ya tatu huzima yenyewe baada ya dakika chache bila kuguswa. Kabla ya kufikiri imeharibika katikati ya somo, bonyeza kitufe chake, tazama taa.